Lu Yu: Mtoro wa hekaluni aliyebobea kwa chai

Ungempikia Lu Yu chai ya tangawizi, angeimwaga. Jamaa huyu wa Uchina, aliyefariki mwaka wa 804, aliona chai iliyochemshwa na tangawizi, vitunguu au minti ni sawa tu na maji ya mtaro. Na alikuwa na sababu.

Alizaliwa yapata 733, akatupwa akiwa mtoto mdogo. Mtawa Zhiji akamwokota na kumlea katika hekalu la Wabudha kule Jingling. Hapo ndipo alipojifunza kupika chai, akimwandalia mlezi wake. Shida ilikuwa masomo. Vitabu vya dini hakuvitaka, alitaka vya Confucius. Basi akasukumiwa kusafisha vyoo, kisha kuchunga ng'ombe 30. Huko malishoni alijifunza kuandika kwa kijiti cha mwanzi juu ya mgongo wa ng'ombe! Mwishowe akachana mbuga, akajiunga na wachekeshaji wa jukwaani, licha ya kigugumizi chake.

Afisa mmoja, Li Qiwu, alikiona kipaji chake akampa vitabu. Uasi wa An Lushan ulipozuka 755, Lu Yu alikimbilia kusini, akatulia Huzhou. Huko akaandika Chajing, kitabu kizima kuhusu chai.

Majani yalichumwa, yakapikwa kwa mvuke ili yabaki kijani, yakatwangwa, yakafinyangwa kama keki na kukaushwa. Ukitaka kunywa, unachoma keki kidogo motoni, unasaga, unachekecha. Maji ya mlimani ndiyo bora, ya mto yanafuata, ya kisima ni ya mwisho. Yakitoa mapovu kama macho ya samaki, tia chumvi kidogo. Mapovu yakipanda kandokando kama shanga, chota upawa mmoja uweke kando, koroga, tia unga wa chai. Yakiumuka kama mawimbi, rudisha yale uliyochota yatulie. Ukichelewa, maji yamezeeka.

Ladha? Chungu mdomoni, tamu ikishuka kooni. Sasa ukijaza tangawizi, huo utamu utausikia wapi?

Baadaye alipewa cheo serikalini, akakikataa.

Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo stori hii inanigusa. Lu Yu alihepa hekalu, lakini ile kazi ya chai aliyofunzwa huko aliondoka nayo. Wewe ulipotoka, ulibeba nini?