Bibi wa Fanusi Alikuwa Bibi wa Hesabu

Kila ifikapo tarehe 12 Mei wauguzi wa Kenya huungana na wenzao wa dunia nzima kuadhimisha siku yao, na picha inayotangulia ni ile ile: bibi wa Kizungu aliyevaa gauni refu, taa mkononi, anapita usiku kati ya vitanda vya askari majeruhi. Ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa shuleni habari za Florence Nightingale. Sina ugomvi na picha hiyo, ila yatuficha nusu ya mtu, tena nusu iliyo kubwa. Hata taa yenyewe wachoraji wengi waliikosea. Wao humchorea kitaa cha mafuta chenye mdomo kama buli, hali iliyotumika kule ilikuwa fanusi ya Kituruki ya kukunjwa. Na fanusi watu wa pwani yetu hawahitaji kufasiriwa.

Nusu ninayotaka kuisimulia leo ni ya mwanamke aliyehesabu vifo, akauliza sababu yake, akawashika wakubwa wa serikali wasimponyoke mpaka wakatenda jambo, na walipokwisha kutenda akahesabu tena.

Alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, na jina la mji ndilo alilopewa. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Babake alimsomesha mwenyewe nyumbani, Kigiriki, Kilatini na historia, lakini binti alipenda hesabu kupita yote. Uuguzi siku hizo ulikuwa kazi ya kudharauliwa, na jamaa zake waliposikia kwamba anautaka walishtuka kana kwamba ametaka kwenda jikoni kuwa mtumishi. Alikataa posa ya bwana mmoja mwenye jina, akangoja miaka, akaenda Kaiserswerth huko Ujerumani mwaka 1851 kujifunza, na mwaka 1853 akapewa kusimamia hospitali ndogo ya mabibi mjini London.

Ndipo vilipozuka vita vya Crimea, Uingereza na Ufaransa zikiwa upande wa Uturuki dhidi ya Urusi. Magazeti ya London yakaeleza jinsi majeruhi walivyoachwa bila huduma, na wananchi wakapiga makelele. Sidney Herbert, aliyekuwa waziri katika mambo ya vita na rafiki wa Nightingale, alimwomba aende. Aliondoka Oktoba 1854 pamoja na wauguzi 38, na mapema Novemba wakafika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, penye kambi kubwa ya askari wa Kituruki iliyogeuzwa kuwa hospitali ya Waingereza.

Sitachukua nafasi kuyaeleza mashuka aliyonunua, jiko alilopanga na madaktari waliomnunia. Hayo yamesimuliwa mno. Jambo ambalo halisimuliwi sana ni kwamba baada ya yeye kufika, vifo havikupungua. Viliongezeka. Majira ya baridi yalipowadia, meli zilileta wagonjwa kwa mamia, nao walikufa kwa kuhara, kipindupindu na homa. Kwa hesabu alizozitoa baadaye, mwezi wa Februari 1855 katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa pale walikufa 42 hivi. Ungempa mgonjwa wa namna hiyo mashuka meupe na supu ya moto, na asubuhi ungemkuta amekata roho.

Machi 1855 serikali ya London ilituma tume ya afya. Walikuwemo Daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Hawa hawakuja kutazama ndimi za wagonjwa, walitazama jengo. Waligundua kwamba hospitali imekalia mitaro ya uchafu iliyoziba, hewa haipiti, na katika mfereji wa maji waliyokunywa wagonjwa mlikuwa na mzoga wa farasi. Wakafukua mitaro, wakaondoa taka, wakafungua njia za hewa, wakapaka kuta chokaa. Kufikia Juni, wale 42 walikuwa wameshuka hadi 2.

Tafadhali msomaji zitazame tarakimu hizo mara ya pili. Wauguzi walikuwa ni wale wale, na bibi mwenye fanusi alikuwa pale pale.

Alirudi Uingereza Agosti 1856 akiwa mashuhuri kuliko mwanamke yeyote ila Malkia Victoria, lakini alikwepa sherehe. Ugonjwa alioupata vitani ulimdhoofisha, na kwa miaka mingi alifanya kazi kitandani. Alichotaka ni kujua kwa nini askari wale walikufa. Hapo alikutana na Daktari William Farr, bingwa wa takwimu katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Farr alikuwa na ujuzi wa kupanga tarakimu; Nightingale alikuwa na madaftari ya vita na njia ya kuwafikia wakubwa. Kila mmoja alikosa alichokuwa nacho mwenzake. Kabla ya kazi hiyo barua zake zililaumu zaidi chakula kibaya, nguo haba na kuchelewa kwa wagonjwa kufikishwa hospitali. Tarakimu zikaonyesha kwamba uchafu wa majengo uliua kuliko alivyodhani. Waandishi wa maisha yake wangali wanabishana kama alijilaumu kwa wale waliokufa chini ya paa lake. Mimi naona hilo si la maana sana mbele ya alilofanya: hakuificha ile hesabu, bali aliipeleka kwa serikali.

Vita vile viliua kwa maradhi askari wa Uingereza zaidi ya 16,000. Waliokufa kwa silaha na majeraha hawakufika 5,000. Na wala haikuwa vitani tu. Pamoja na Farr alionyesha kwamba vijana wa jeshi waliokaa makambini Uingereza, wakati wa amani, wamepimwa afya na kuchaguliwa, walikufa karibu maradufu ya raia wa umri wao.

Sasa, mwanamke wakati ule hakuweza kuketi kwenye tume ya Malkia. Herbert akawa mwenyekiti wa tume hiyo mwaka 1857, na Nightingale akawa nyuma ya pazia akimwandalia maswali na majedwali. Farr alitaka takwimu zibaki kavu, bila mapambo. Nightingale alijua kwamba waziri hasomi jedwali. Akachora duara lililokatwa vipande kama chungwa, kila mwezi kipande chake, rangi moja ikiwa ya waliokufa kwa majeraha, na nyingine, kubwa ya kutisha, ya waliokufa kwa maradhi yanayozuilika. Mtu asiyejua hesabu aliona. Mwaka 1858 chama cha wanatakwimu cha London kilimpokea, mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama.

Ripoti haikuachwa ikae kabatini. Herbert aliunda kamati za kutekeleza: moja ya kutengeneza makambi na hospitali, moja ya chuo cha madaktari wa jeshi, na moja ya kuandika takwimu za jeshi kila mwaka, ili mageuzi yenyewe yapimwe. Sutherland wa Scutari aliingia katika kazi hiyo, na alifanya kazi na Nightingale zaidi ya miaka 30. Herbert alikufa Agosti 1861, amechoka na mgonjwa, na wako wanaosema bibi yule alimsukuma kupita nguvu zake. Mwaka uliofuata Nightingale alichapisha matokeo: vifo katika jeshi lililokuwa nyumbani vilikuwa vimepungua kwa nusu.

Si kila alilogusa lilifaulu. Mwaka 1860, mkutano wa kimataifa wa takwimu ulipofanyika London, alipendekeza hospitali zote zitumie fomu za namna moja, ili ijulikane nani amepona na nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Hospitali kadhaa za London zilijaribu, kisha zikaacha; kazi ilikuwa nyingi na gharama kubwa. Yeyote aliyewahi kumwona muuguzi wa zahanati zetu akijaza madaftari manane huku foleni imefika mlangoni atawaelewa. Kwa msaada wa wizara ya makoloni alituma pia maswali juu ya afya katika shule na hospitali za wenyeji wa Ceylon, Australia, Kanada na sehemu za Afrika. Majibu yalirudi pungufu, akayatangaza hivyo hivyo mwaka 1863.

Lakini kisa ambacho mimi hukipenda kuliko chote ni cha wazazi. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Muda mfupi baadaye fedha zilizochangwa kwa jina lake zilianzisha wodi ya kufundishia wakunga katika hospitali ya King's College. Nia ilikuwa njema, na wanawake maskini walipata mahali pa kujifungulia. Kisha wazazi wakaanza kufa kwa homa ya uzazi. Wodi ikafungwa mwaka 1867. Wengine wangeishia hapo, wakalaumu bahati. Yeye na Sutherland walikaa miaka wakikusanya hesabu za vifo vya wazazi kutoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, na kitabu kikatoka mwaka 1871. Kilionyesha kwamba mama aliyejifungua nyumbani kwake, hata nyumba ya kimaskini, alikuwa salama kuliko aliyelazwa katika wodi kubwa. Yaani alichapa ushahidi dhidi ya mradi uliobeba jina lake mwenyewe. Nimeona miradi mingi ikizinduliwa kwa hotuba na ngoma. Wangapi humaliza hivyo?

Inafaa kusema kwamba wakati huo bado aliamini maradhi hutokana na hewa mbaya, akachelewa kukubali habari za vijidudu. Chokaa na mitaro viliokoa watu hata hivyo, naye alijua viliokoa kwa sababu alikuwa na hesabu ya kabla na ya baada.

Mwaka 1891, akiwa na miaka 70, alimwandikia mwanasayansi Francis Galton kutaka paanzishwe Oxford kiti cha kufundisha takwimu. Lalamiko lake ni kwamba serikali hupitisha sheria kubwa kubwa, kama ile ya elimu ya mwaka 1870, kisha haiulizi zimefanya nini. Ofisi zimejaa takwimu na wabunge hawajui kuzitumia. Shauri hilo halikufika popote. Katika wosia wake alikuwa amelitengea pauni 2,000, baadaye akazifuta, akihofia zingeishia katika utafiti wa vijidudu.

Alikufa London tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Serikali ilitaka kumzika Westminster Abbey pamoja na wakuu wa nchi. Jamaa zake walikataa, wakamzika kijijini East Wellow, katika kaburi la ukoo, na kwenye jiwe zikaandikwa herufi mbili za jina lake na tarehe mbili.