Leonhard Euler na Namba 2,147,483,647

Leonhard Euler alizaliwa mjini Basel, Uswisi, mwezi Aprili 1707. Baba yake, aliyekuwa mchungaji wa kanisa, alitaka mwanawe ashike kazi hiyo hiyo. Lakini Johann Bernoulli, mwanahisabati mashuhuri wa mji huo, alikitambua kipaji cha kijana akamshawishi mzazi amwachie hisabati. Mwaka 1727 Euler alikwenda St. Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika Akademia ya Sayansi.

Karne moja kabla yake, Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ikiongezwa 1, ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba sivyo: ni 641 mara 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba ile kikigawanywa kwa 64 hubakiza 1. Kwa kanuni hiyo, za kujaribiwa ni 193, 257, 449 na 577, na ya tano ndiyo 641.

Mwaka 1741 Euler alihamia Berlin, akarejea St. Petersburg mwaka 1766. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kupoteza nuru zamani; sasa la kushoto nalo likaingiwa na mtoto wa jicho. Hata hivyo hakuacha kazi: alihesabu kichwani, na wasaidizi wakaandika.

Katika hali hiyo, mwaka 1772, alitangaza kuwa 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 ikitolewa 1, ni namba tasa. Kama ingekuwa na kigawo zaidi ya 1 na yenyewe, kimojawapo kingepatikana chini ya 46,341. Na hapo mna namba tasa zaidi ya 4,000. Euler alitambua kwamba kigawo chake kikigawanywa kwa 248 hakina budi kubakiza 1 au 63. Namba za namna hiyo hazifiki 400, na nyingi si tasa. Zilizosalia hakuna hata moja iliyoigawanya bila baki. Hivyo ikaingia katika kundi la namba tasa za Mersenne, pamoja na 3, 7, 31 na 127.

Euler alifariki St. Petersburg mwezi Septemba 1783.

Maisha yake yanamhusu mwalimu wa shule ya msingi. Mwanafunzi anayeagizwa kugawanya tu huishia kuamini kwamba hisabati ni uvumilivu. Akiulizwa kama 97 ni tasa, aeleze kwanza, kabla ya kushika kalamu, kwa nini inatosha kujaribu 2, 3, 5 na 7. Akigundua kwamba 10 mara 10 imekwisha kuipita 97, atakuwa amefikiri kama Euler.