Frederick Douglass na daftari la hesabu

Nilipokwenda kumtembelea mwanangu Washington, alinipeleka Anacostia, kwenye nyumba ya Frederick Douglass. Miaka yote niliyosomesha nikimjua kama mtumwa aliyetoroka Maryland mwaka 1838. Kumbe alikuwa pia mwandishi aliyejifunza biashara kwa machungu.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka Boston mwaka 1845, bei nusu dola. Katika miezi minne ziliuzwa nakala 5,000 hivi. Lakini humo alimtaja bwana wake kwa jina, basi akakimbilia Ireland na Uingereza asije akakamatwa. Kule Dublin kikachapishwa tena, akawa anakiuza mwenyewe kila alipohutubia. Faida yake ikamsaidia kujikimu safarini, na mwaka 1846 marafiki wa Uingereza wakachanga kumnunulia uhuru wake.

Aliporudi, mwaka 1847, akaanzisha gazeti mjini Rochester. Wanunuzi hawakutosha, mpaka nyumba yake akaiweka rehani. Aliyemwokoa ni Julia Griffiths, rafiki kutoka Uingereza: alitenganisha pesa za nyumbani na za gazeti, madeni yakalipika.

Washington nako akanunua gazeti jengine, New National Era. Lilifungwa mwaka 1874, likiwa limeshamla kiasi cha dola 10,000. Hata hivyo kalamu hakuiweka chini. Alifariki nyumbani hapo Anacostia mwaka 1895.

Jamaa zangu, watoto wetu wa Maskati na Dubai wanaandika, mashaallah. Tuwafunze na hesabu pia. Wazee walishatwambia: mali bila daftari hupotea bila habari.