Michel Chevreul: Mkemia aliyefunua siri ya mafuta na sabuni

Asubuhi ya baridi katika milima ya Munanila, dumu la mawese lililokaa usiku kucha hujigawa lenyewe. Chini hukaa sehemu nzito iliyoganda, juu hubaki mafuta mekundu yanayomiminika. Mtu aliyeeleza kwa nini mafuta hufanya hivyo hakuwahi kufika Kigoma. Ni Mfaransa, Michel Eugène Chevreul.

Alizaliwa katika mji wa Angers tarehe 31 Agosti 1786, baba yake akiwa daktari. Akiwa na miaka 17 alikwenda Paris, akafanya kazi chini ya mkemia Vauquelin. Mwaka 1811 alianza kuchunguza sabuni laini iliyopikwa kwa mafuta ya nguruwe na potashi, ile chumvi inayopatikana kwenye majivu. Watu walikuwa wakipika sabuni tangu zamani, lakini walidhani mafuta na maji ya majivu yanashikana tu.

Chevreul alionyesha kwamba mafuta kwanza huvunjika. Hutoka gliserini upande mmoja, na upande mwingine asidi za mafuta, na asidi hizo ndizo zinazoungana na potashi kuwa sabuni. Nyingine huganda, kama asidi ya steariki. Nyingine hubaki majimaji, kama ya oleiki. Mafuta yenye nyingi za kuganda ndiyo huganda. Yote hayo aliyaandika katika kitabu mwaka 1823. Asidi ya palmitiki, inayogandisha mawese, ilipatikana baadaye na Edmond Frémy, mwaka 1840, kutoka kwenye mawese yenyewe. Na jina la kolesteroli lilitokana na Chevreul, aliyeichunguza kutoka kwenye mawe ya nyongo.

Msikilizaji, kazi hiyo imeingia hadi kwenye sindano. Dawa nyingi haziyeyuki katika maji, na nyingine huharibika mwilini kabla ya kufika zinakohitajika. Wataalamu huzifunga ndani ya vitufe vya mafuta, vidogo kiasi kwamba mamia vikipangwa mstari havizidi unene wa unywele mmoja. Chanjo ya Uviko-19 ya Pfizer, iliyofika pia Tanzania, ilibebwa hivyo. Kati ya mafuta yake kulikuwa na kolesteroli, na aina nyingine iliyojengwa kwa asidi ya steariki. Watafiti hujaribu pia vitufe vya mafuta ya mimea, yakiwemo yatokanayo na michikichi. Lakini mafuta hayo husafishwa na kupimwa maabara. Mawese ya dumu ni ya chungu na sabuni, hayafai kabisa kwa sindano.

Utajiri haukumfuata Chevreul. Mwaka 1825, pamoja na Gay-Lussac, alipata hataza ya mishumaa ya asidi ya steariki, isiyotoa moshi na harufu kama ya mafuta ya wanyama. Biashara ilishindwa; faida ikaja kwa wengine, miaka kadhaa baadaye. Yeye alibaki na kazi ya serikali ya kusimamia rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins.

Wajerumani walipoizingira Paris na kuipiga kwa mizinga, Januari 1871, alikuwa na miaka 84. Hakukimbia. Alibaki kwenye makumbusho aliyoyaongoza, akaandika malamiko rasmi kwamba yanapigwa mabomu.

Alifariki tarehe 9 Aprili 1889, akiwa na miaka 102. Mnara wa Eiffel ulikuwa umekamilika siku chache tu kabla, na jina lake limo kati ya 72 yaliyochorwa juu yake.