Nikola Tesla na sumaku iliyozima cheche

Ukichomoa plagi wakati kifaa bado kinafanya kazi, huenda umewahi kuona cheche ya buluu. Huo ni umeme unaoruka hewani ukikataa kukatika. Cheche kama hiyo, lakini kubwa zaidi, ilimsumbua Nikola Tesla, mtu ambaye sisi watu wa redio tuna deni kwake.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, Kroatia ya leo. Baba yake alikuwa kasisi. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi New York. Huko aliwahi kufanya kibarua cha kuchimba mitaro, kabla ya mota yake ya mkondo geu kumpatia jina mwaka 1888.

Kisha akageukia umeme unaotetemeka kwa kasi kubwa. Kifaa chake kilijaza umeme kwenye kapasita, halafu ukaruka kwa mshindo kati ya vyuma viwili vilivyoachiwa mwanya. Tatizo ni kwamba cheche ikishapita, hewa huwa ya moto na umeme huendelea kupita humo kama maji kwenye bomba lililopasuka. Kapasita haijai tena, na kazi inasimama.

Tesla aliweka mwanya huo kati ya ncha za sumaku yenye nguvu. Sumaku husukuma mkondo wa umeme. Basi mwali ulisukumwa pembeni, ukavutika, ukakatika. Kapasita ikajaa upya, cheche ikaruka tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Hakuwa wa kwanza. Elihu Thomson alishatumia sumaku kuzima miali kwenye vikinga radi. Ila Tesla aliitia katika kazi mpya, na mwaka 1892 aliwaonyesha wataalamu wa London.

Mitambo ya kwanza ya redio ilituma ujumbe kwa cheche za namna hiyo. Lakini Tesla hakutajirika. Maabara yake iliteketea kwa moto Machi 1895, na sifa za redio zikamwendea Guglielmo Marconi.

Tesla alifariki tarehe 7 Januari 1943, peke yake, katika chumba cha hoteli New York. Juni mwaka huohuo, Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sehemu muhimu ya hataza ya Marconi, ikitaja kazi za waliomtangulia, Tesla akiwemo. Alikosa kuisikia hukumu hiyo kwa miezi mitano tu.