Maisha ya Profesa Karl Paul Link

Likizo iliyopita nilimkuta babu yangu ameacha kunywa dawa yake ya moyo. Jirani alikuwa amemwambia kwamba dawa ile, wafarini, ni sumu ya panya. Nilinyamaza, maana sikujua la kumjibu. Niliporudi shuleni nilitafuta habari za mtu aliyeileta, nazo ndizo hizi.

Karl Paul Link alizaliwa tarehe 31 Januari, 1901, katika mji wa LaPorte, jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye watoto kumi. Karl alisoma kwa bidii hata akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin.

Zamani zile ng'ombe wengi wa huko walikufa kwa kutokwa na damu isiyoganda, baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwezi wa Februari, 1933, katika tufani ya theluji, mkulima mmoja alisafiri kilomita 300 hivi mpaka kwa Link. Alichukua mtamba aliyekufa, debe la damu na mzigo wa majani yale. Link hakuwa na dawa ya kumpa, lakini hakulisahau jambo lile. Yeye na wasaidizi wake walifanya kazi miaka sita, na mwaka 1939 wakaipata kemikali yenyewe. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana wafarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kwa kuulia panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya watu, na mwaka 1955 alitibiwa nayo Rais Eisenhower. Link alifariki mwaka 1978.

Basi jirani hakusema uongo, ila alisema nusu. Moyo ukipiga bila mpango, damu hutuama ndani yake ikaganda; bonge likifika ubongoni, mtu hupatwa na kiharusi. Wafarini hupunguza hatari hiyo kwa karibu theluthi mbili. Ikizidi, huleta kutokwa na damu. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara. Kinachotenga dawa na sumu ni kipimo.

Hayo yote nilimwandikia babu. Bibi akamsomea barua, kisha akampeleka hospitali. Daktari alimpima damu, akamwanzishia dawa upya. Nanyi wenzangu, mzee wenu akitaka kuacha dawa, mwambieni amwulize daktari kwanza.