Claudius Ptolemy na Milima ya Mwezi

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu akisimama Hima na kutazama magharibi, huiona safu ya Rwenzori ikiwa imejitanda kama ukuta. Wakonzo huiita Rwenzururu, na nzururu katika lugha yao ni theluji. Wanajiografia wengi wameilinganisha safu hii na ile iliyoitwa Milima ya Mwezi katika vitabu vya kale. Jina hilo linatupeleka kwa Claudius Ptolemy, mwanafalaki ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi yetu.

Habari za nafsi yake ni chache mno. Hukadiriwa kuwa alizaliwa mnamo mwaka 100 BK na kufariki mnamo 170. Aliishi Iskandaria, Misri, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Roma, naye akaandika kwa Kiyunani. Vipimo vya anga alivyoviwekea tarehe ni vya kati ya mwaka 127 na 141. Kitabu chake kikuu cha falaki kina sehemu 13, na ndani yake mna orodha ya nyota 1,022 zilizogawanywa katika makundi 48. Waarabu walikitafsiri wakakiita al-Majisti, nao mwandishi wakamwita Batlamyus.

Ptolemy alifundisha kwamba Dunia ni mviringo, na hoja yake ingali imara. Mwezi unapopatwa, tukio ni moja kwa wote walionao, lakini watu wa mashariki huandika saa ya usiku iliyosonga mbele kuliko ile ya watu wa magharibi. Kama Dunia ingekuwa bapa, saa hizo zisingetofautiana. Pia aliukadiria umbali wa Mwezi mpevu kuwa nusukipenyo 59 za Dunia. Wastani unaokubaliwa leo ni takriban 60.

Kosa lake kubwa linajulikana. Aliiweka Dunia katikati, imetulia, akaizungushia Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mushtarii na Zohali kwa mpangilio huo. Ni mwaka 1543 tu ndipo Copernicus alipochapisha kitabu kilichoweka Jua katikati. Sisi hatumlaumu sana kwa hilo, kwani hesabu zake zilitabiri mahali pa sayari kwa usahihi uliotosha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Tunalomlaumu ni jambo dogo zaidi. Lau nadharia yake ya mwendo wa Mwezi ingekuwa kweli, Mwezi nusu ungeonekana wakati mwingine karibu mara mbili ya ukubwa wake wa kawaida. Yeyote mwenye macho huona kwamba sivyo, naye alikuwa na macho makali. Hata hivyo alilipita jambo hilo kimya. (Mwanafunzi aiangalie -nge- katika sentensi yetu: sharti lake halikutimia.)

Kwa upande mwingine, alipozungumzia ikweta alikuwa mwangalifu. Kwa hesabu tupu alieleza kwamba huko mchana na usiku hulingana mwaka mzima, nyota zote huchomoza na kutua, na kivuli cha adhuhuri huelekea kusini kwa nusu ya mwaka na kaskazini kwa nusu nyingine. Akaongeza kwamba yasemwa nchi hizo zaweza kukaliwa na watu, ila hakuwa na taarifa ya kuaminika kutoka huko. Ikweta hiyo inakatiza wilaya ya Kasese, karibu na Kikorongo. Mwalimu wa Bwera au Hima hahitaji chombo chochote ili kumhakiki: kijiti kilichosimikwa wima uwanjani mwezi Juni, na tena Desemba, kinatosha.

Habari za milima zimo katika kitabu chake cha jiografia. Humo anamtaja mfanyabiashara Diogenes, aliyekuwa akirejea kutoka India, akasukumwa na upepo wa kaskazini hadi karibu na Rhapta, katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kitabu hicho kinasema kuwa theluji ya Milima ya Mwezi hulisha maziwa ambamo Naili hutoka. Baadhi ya wataalamu hudhani kifungu hicho kiliongezwa na wanakili wa baadaye. Tena milima imewekwa mbali mno kusini, zaidi ya digrii 12 chini ya ikweta. Wasafiri wa karne ya 19 waliitafuta, wengine wakalihusisha jina hilo na Unyamwezi, mpaka Stanley alipoiona theluji ya Rwenzori mwaka 1888.

Kuhusu maji, kitabu hakikukosea. Mito ya Mubuku na Nyamwamba hushuka kutoka Rwenzori hadi Ziwa George. Maji hupita mfereji wa Kazinga, huingia Ziwa Edward, hufuata Semliki hadi Ziwa Albert, kisha huchukuliwa na Naili hadi Misri, katika bahari ileile inayopiga fukwe za Iskandaria.